Mwanamke wa Nje ya Ua Siku ya Harusi ya Hodan

Haya yalinipata mimi mwenyewe, kijijini kwetu Kotile, kwenye harusi ya Hodan. Sikusimuliwa na mtu. Mimi huona haya hata kusema mbele ya watu watatu, kwa hiyo usidhani natafuta sifa. Naandika polepole ili nisiongeze kitu.

Niliishia darasa la nane. Baadaye dada mmoja wa Kitui, Mwende, akaanza kutufundisha wasichana kazi ya video mjini Garissa. Si kushika kamera tu. Alitufundisha mtandao: jinsi kila kamera, kompyuta na simu inavyopewa namba yake kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, na jinsi ya kupeleka picha mbali mtu aione papo hapo. Kazi haikukosekana, kwa sababu kwetu mwanamume haingii kupiga picha upande wa wanawake.

Mama yake Hodan ni habaryar wangu, mdogo wa mama yangu. Hodan ni mtoto wake wa pekee. Harusi ilimkuta amelazwa Nairobi, hawezi hata kukaa, na aliomba kitu kimoja tu: amwone binti yake siku hiyo. Basi mimi nilikuwa Kotile na kamera mbili, Mwende akiwa Garissa akichagua picha na kuzipeleka, na habaryar kitandani na simu yake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuona. Wanawake walikuwa wamevua mitandio, wanacheza. Simu zao tulizikusanya mlangoni kwenye karai, zote zimezimwa.

Magharibi ilikuwa imepita na buranbur imepamba moto, wanawake wakiimba na kupiga ngoma, Mwende aliponiambia kwenye hedifoni:

"Wewe, naona kifaa kimoja zaidi kwenye ruta yako hapo. Ni simu ya nani?"

"Hakuna simu."

"Basi ni mbuzi anatazama harusi." Akacheka. "Mtafute umtoe, kabla picha ya mama haijaanza kukatika."

Nikamwachia binamu yangu kamera, nikatoka na simu yangu. Unajua mtandao wa ruta: ukienda mbali nayo unapungua. Wangu ulipungua mlangoni, halafu ukaanza kupanda. Kila nilivyosogea mbali na nyumba, ndivyo ulivyojaa. Wewe ungefanyaje? Mimi niliufuata. Nilidhani ni mvulana mjinga amejificha mahali, anawachungulia dada zetu.

Nikafika zizini. Mbuzi walikuwa wamesimama wote, kimya, wameupa mgongo ua wa miiba. Nje ya ua alikuwepo mwanamke mrefu aliyejifunika. Usoni mwake kulikuwa na mwanga unaochezacheza, kama wa mtu anayetazama simu gizani. Niamini, niliitafuta hiyo simu. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Nikamsalimu, "Assalamu aleikum." Hakuitikia.

"Abayo," akasema taratibu, kama dada mkubwa, "picha yako inakatika. Nipe neno la siri."

"Eedo," nikasema, nikimwita shangazi kwa heshima, "wewe ni wa upande gani? Wa bwana au wa bibi harusi?"

"Wa mama."

"Mama yuko Nairobi."

"Najua. Nimekaa naye kitandani."

Sikumpa. Wallahi sikumpa. Nilikimbia mpaka ndani, nikachomoa ruta, nikachomoa na waya wa betri. Kamera zikazimika. Mwende akapiga simu akifoka kwamba kwake kioo ni cheusi, na mama wa watu anasubiri. Nilikaa chini karibu na karai nikalia, kwa sababu nilijua nimemnyima habaryar kile kitu kimoja alichoomba.

Asubuhi habaryar akapiga simu mwenyewe. Sauti ilikuwa ya furaha. "Nimeona yote mpaka mwisho," akasema. "Picha ilikuwa safi kabisa baada ya yule mama mrefu kuichukua kamera."

Wiki hiyo hiyo nilimsindikiza Hodan Nairobi, bado ana hina mikononi. Tulimkuta mama yake ameinua simu mbele ya macho, anapiga makofi polepole, kwa mapigo ya buranbur. Kioo kilikuwa cheusi. Muuguzi alisema simu haijatiwa chaji tangu alipoingia zamu.

"Hooyo," Hodan akasema, "ni mimi. Nimekuja."

Habaryar akamsukuma kwa upole. "Sogea, mama, unanizibia. Binti yangu anacheza."

Hodan akapiga magoti, akamwonyesha hina, akamtajia jina lake na la baba yake. Mama yake akamtazama vizuri, kama unavyomtazama mgeni, akasema, "Mungu akupe na wewe harusi kama hii."

Habaryar amerudi Kotile sasa, anakaa kwa Hodan. Mwili umepona. Hodan humlisha na kumwogesha, naye humshukuru kila mara kama anayemshukuru mfanyakazi mwema, kisha hurudi kwenye ile simu. Tuliwahi kumnyang'anya. Aliendelea kutazama kiganja chake, na mwanga ukawa usoni mwake vilevile.

Wewe unayejifunza kazi hii, nisikilize. Ukikuta kwenye mtandao wako kifaa usichokijua, usitoke peke yako kukitafuta. Na ukimkuta mwenyewe, usifikiri kuchomoa waya kutamzuia. Mpigie simu yule anayetazama upande wa pili, mwambie afumbe macho. Mpigie kwanza. Mimi sikumpigia; nilingoja mpaka asubuhi, akapiga yeye.