Tulivyowapokea watalii wa kuwajibika kwa chokaa: mkasa wa jiwe la mjomba, Mwanza miaka ya tisini

Wakuu, wazima humu ndani?

Naona vijana mnapeana darasa la namna ya kutembelea matumbawe huko Pwani. Usikanyage, usiguse, usitupe takataka, mafuta ya kujipaka usiingie nayo majini. Safi kabisa. Sasa ngojeni na sisi wa Kanda ya Ziwa tuwape ya kwetu. Siyo chai, na mashahidi wapo hai, wengine wanapaka chokaa mpaka leo.

Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa, watu wanapunguzwa kazini, na kila aliyepunguzwa anafungua kampuni. Bosi wangu alikuwa mmojawapo. Alilala mhasibu, akaamka mkurugenzi wa utalii.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja pale mjini, bango kubwa kuliko mlango, na pickup moja iliyokuwa inawaka ikijisikia. Mimi ndiye guide, dereva, mkalimani na mfagiaji.

Siku moja wakaja wazungu wawili, mtu na mkewe, watu wazima. Walitoka kuzamia matumbawe Pwani, na huko wakaambiwa kwamba ziwa letu nalo lina miamba yenye furu wa rangi rangi. Furu ni wale samaki wadogo ambao sangara amewatafuna karibu kila mahali. Walitaka kuwaona, lakini kwa kuwajibika.

Basi walikuwa na masharti, wakuu, utadhani wanaingia chumba cha upasuaji. Boti ya injini hawapandi. Samaki wa ziwa hawali. Chupa tupu wanarudi nazo. Mwamba hawakanyagi hata kidogo.

Bosi alikubali yote huku anatabasamu. Alikuwa anakubali kila kitu siku zile.

Furu wa rangi nilijua walipo. Kwa mjomba Malima, kaka yake mama, mwenyekiti wa kitongoji kando ya ziwa, unapita Kisesa kisha unakata kushoto kuelekea majini.

Pale kuna jiwe kubwa limetoka majini, na chini yake mawe madogo yamejaa ukijani. Bibi yangu alivulia ndoana hapo maisha yake yote, sisi tukaliita jiwe la Bibi. Linazuia mawimbi yasibomoe mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa. Na sangara alipoanza kupelekwa kiwandani, ng'ambo wanakula minofu na sisi tunabaki kugombea mifupa, watoto wa pale waliendelea kula furu wa jiwe la Bibi.

Sasa kulikuwa na mkandarasi mmoja anataka kulilipua jiwe hilo apate kokoto. Mji unajengwa, kila mtu anataka kokoto. Nusu ya kijiji walishaanza kuhesabu pesa za vibarua. Mjomba alikuwa anapinga karibu peke yake, na mkandarasi alishaahidi kuja na mafundi wa baruti.

Nilipomwambia kuhusu wageni, mjomba alinishika mkono hakuniachia. Akasema wazungu wakilipenda jiwe, watu watajua kumbe lina maana, na yule bwana atatafuta pengine. Nikamwambia tunakuja Alhamisi. Nikasisitiza ni wageni wa heshima.

Wakuu, mwambie mwenyekiti yeyote wa nchi hii kwamba anakuja mgeni wa heshima. Atafanya nini?

Tulifika Alhamisi. Njia imefagiwa mpaka udongo unalia. Mawe ya kando ya njia, chokaa. Miti mpaka kiunoni, chokaa. Nikajisemea hapa mjomba kajitahidi. Tukatokea ziwani.

Jiwe la Bibi lilikuwa jeupe pee, juu mpaka chini, na chokaa imechuruzika mpaka maji ya pembeni yamekuwa kama tui.

Hiyo bado ndogo. Akina mama walikuwa wamezama kuanzia alfajiri na mchanga na magunzi ya mahindi, wakayasugua mawe ya chini mpaka ukijani wote ukaisha, wageni wasije wakateleza. Ukijani ule ndio chakula cha furu.

Mjomba alisimama pale na koti lake la Jumapili anasubiri kusifiwa.

Yule mama wa kizungu akavaa miwani yake ya kuzamia, akaingia polepole, akakaa chini ya maji muda mrefu. Alipotoka alikuwa analia. Akaniambia nisikilize vizuri, nitafsiri kila neno kama lilivyo. Nikatafsiri:

"Anasema hili jiwe mtu yeyote asiliguse tena. Kamwe."

Akina mama wakapiga vigelegele. Walidhani wamepongezwa.

Mimi moyo ulinivunjika kweli. Nilikuwa nafikiria bosi, nafikiria mkandarasi, nafikiria na bibi yangu na ndoana yake. Nikatamani pickup iwake tuondoke, na siku hiyo ikagoma.

Wakati nahangaika na gari, yule mume akaona asikae bure. Akachukua brashi, akapiga magoti, akaanza kukwangua chokaa kwenye jiwe. Kuwajibika huko.

Jamani. Mgeni kapiga magoti anafanya kazi, wenyeji wamesimama! Akina mama walimnyang'anya brashi kwa aibu, wakamkalisha kwenye kiti, wakamletea uji. Mjomba alininong'oneza kwamba ameelewa, mzungu hajaridhika na rangi, imepakwa nyepesi.

Pickup ilipokubali kuwaka tukaondoka, na nyuma yetu wakapiga chokaa mkono wa pili. Mzito.

Wageni walirudi kwao na huzuni yao na chupa zao tupu. Bosi alifunga ofisi kabla ya mwaka kuisha, bango likaenda kuwa mlango wa banda la kuku kule Kiseke.

Mkandarasi alikuja na mafundi wake wiki iliyofuata. Hii nilisimuliwa na mama mmoja aliyekuwa anafua pale. Akakuta jiwe jeupe linang'aa hadi linaumiza macho. Akauliza nani kapaka na kwa nini. Yule mama akajibu ukweli mtupu: wamekuja wazungu na gari kutoka Mwanza, wamezama, mmoja kapiga magoti na brashi, wamesema jiwe lisiguswe na mtu.

Mnaikumbuka miaka ile, ukisikia mzungu na gari kutoka mjini, ni mfadhili, na nyuma ya mfadhili kuna wizara. Jamaa alilizunguka jiwe, akaligonga gonga, akapanda gari. Hakurudi. Nasikia kilima cha wengine huko ndani ndicho kilichokuwa kokoto.

Mvua za masika zikaosha chokaa ya chini, ukijani ukaota, furu wakarudi. Mwaka huu nimeweka kichwa majini pale, nimewaona, wekundu na buluu, na nimetokwa na machozi mzee mzima.

Juu ya jiwe wanapaka kila mwaka. Maji hawayagusi tena, nilimwomba mjomba hivyo na akakubali, ingawa aliona naharibu mapambo.

Mafunzo? Ukienda kwa watu kuwajibika, kwanza waambie unawajibika kwa kitu gani. Wale wageni mpaka leo nadhani wanasimulia huko kwao kwamba waliwahi kuona mwamba uliouawa na wenyeji. Na mjomba, sasa hivi mzee sana, nikimwamkia shikamoo haitikii kwanza. Anauliza:

"Wale wageni wako hawajambo? Waambie jiwe lao hatujamruhusu mtu aliguse."

Namwambia wanakusalimia mjomba.

Haya, uwanja wenu. Wa Magu, wa Buzuruga, na ninyi wa matumbawe, semeni: ningemwambia ukweli?