Kabati la Bunduki ya Baba

Baba yangu amekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na miaka hiyo yote bunduki yake ililala chini ya kitanda, juu ya sanduku la vitabu vya nyimbo. Ilikuwa na leseni halali, ya kufukuza nyani shambani kwetu karibu na Kiboko. Sikumwona nyani hata mmoja aliyeanguka. Maembe yalianguka, tena mengi.

Mwaka juzi alipokwenda kufanya upya leseni, afisa wa polisi akamwambia angekuja nyumbani kukagua, na alitaka kukuta kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Baba akanipigia simu Kasikeu, ambako nina karakana ya kuchomelea mageti.

Nilitumia bamba la chuma la milimita tatu, bawaba nikazificha ndani ili mwizi asizikate. Lilikuwa kabati zuri kuliko geti lolote nililowahi kuuza, ila nilisahau kupima mlango wa chumba chao. Ilibidi tung'oe fremu, na Baba, aliyetuchapa utotoni kwa sababu ya matusi, akayatoa yote kwa Kikamba safi. Tulipokaza bolti, zikatoka pamoja na matofali. Kumbe matofali yalishikanishwa kwa udongo mtupu, saruji ya nje ilikuwa ya kuwapendeza wageni. Nikamwaga zege upya.

Jioni hiyo Mama alinifuata nje nilipokuwa nikinawa mikono.

"Weka kufuli mbili," akasema. "Ufunguo mmoja wake, mmoja wangu."

"Mama, bunduki ni ya Baba."

"Juzi ng'ombe wa jirani walipoingia kwenye shamba letu la ndengu, baba yako aliinama chini ya kitanda kabla hata ya kuvaa viatu. Nikaikalia hiyo bunduki mpaka akapoa. Mungu namwachia mambo mengi, lakini hili nitamsaidia."

Nilikuwa nikija pale kila mwezi, nakula kuku na kuondoka, na sikujua lolote. Niliona aibu. Nikachomelea masikio mawili ya kufuli. Baba aliyatazama, akakohoa, akatoka nje.

Afisa alikuja Alhamisi. Akalisukuma kabati kwa bega, halikutikisika, akaridhika.

"Fungua, mzee."

Baba akafungua kufuli yake, kisha akasimama kando. Mama akachomoa ufunguo wake kifuani, akafungua ya pili.

"Mama, funguo zote zinatakiwa kukaa na mwenye leseni," afisa akasema. "Huo mpe mzee."

"Simpi, afande. Afadhali uende na bunduki yenyewe."

Nilimtazama Baba nikingoja angurume. Akaketi kitandani, akapangusa magoti yake polepole.

"Anasema kweli," akasema. "Siku ile ningemuua mtu kwa sababu ya ndengu. Ichukue."

Akatia sahihi, bunduki ikaenda kituoni. Baba hakusema nami kwa wiki mbili, kana kwamba mimi ndiye niliyewaita hao ng'ombe. Kisha akapiga simu kuuliza kama naweza kuliondoa kabati. Nikamwambia likitoka litatoka na ukuta.

Kwa hiyo lipo. Mama aliniagiza nimtilie rafu tatu, akaweka humo hati ya shamba, vitenge vyake na sukari. Baba akitaka chai, anaomba.