Sindano na Kopo la Chumvi

Kwetu Newala mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Atachambua, atakaanga, atasonga na ugali, lakini chumvi ataitia mwingine: msichana ambaye hajavunja ungo, au mama aliyekwisha koma hedhi. Asipofuata, waliokula watakohoa kikohozi kisichosikia dawa. Nilipokuwa chuoni niliicheka sana mila hii. Nilipoolewa nikahamia kwa mama mkwe, niliacha kucheka, maana mama mkwe si mtu wa kuchekewa.

Kila mwezi, basi, nilisimama mlangoni pa jiko nikasema, "Mama, nisaidie chumvi." Aliinuka mkekani, akafungua kopo, akatia, akaonja kiganjani, akarudi kuketi. Hivyo ndivyo alivyozijua habari za tumbo langu miaka yote ile bila kuniuliza swali hata moja la aibu. Na mjukuu alikuwa anamtaka, hilo hata kuku wa pale nyumbani walilijua.

Shida ni kwamba siku zangu zilikuwa zinageuka wiki. Nilivuja mpaka nikawa nashika ukuta nikitembea, na mimba mbili zilitoka kabla hazijajulikana. Mwishowe mume wangu alinipeleka hospitali Masasi, na daktari, mwanamke mpole wa sauti ya chini, akanionyesha kwenye kioo cha mashine uvimbe uliokaa ndani ya kizazi changu kama mwenye nyumba.

"Huu unakula homoni za mayai yako," alisema. "Nitakuchoma sindano kila mwezi, inazizuia. Mayai yatalala, damu itakata, mwili utajiona umezeeka kwa muda. Uvimbe ukikosa chakula utasinyaa, na wewe utapata nafasi ya kuongeza damu. Hapo ndipo nitakupasua niutoe."

"Na kizazi?"

"Ndicho tunachokipigania. Lakini sindano inapunguza tu, haiondoi. Uvimbe usiposinyaa vya kutosha, au damu ikigoma kusimama ukiwa mezani, nitaokoa maisha yako kwanza."

Njiani kurudi mume wangu aliniomba nisimwambie mama yake. Dada wa mume wangu alipelekwa kupasuliwa wakati wa kujifungua, akarudishwa amefunikwa shuka. "Mama akisikia kisu, ataanza kulia leo," alisema. Tukakubaliana kusema nachomwa sindano za kuongeza damu.

Daktari alikuwa amenionya kwamba mwanzoni dawa huweza kuchochea kabla ya kuzima. Ni kweli. Baada ya sindano ya kwanza damu ilikuja kwa hasira, na mama mkwe alitia chumvi mfululizo huku akinitazama kwa huruma. Kisha ikakata. Nikatia chumvi mwenyewe, nikaswali bila kukatisha, nikajiona mtu.

Raha hiyo haikukaa. Ilikuwa majira ya baridi, ukungu umelala mpaka saa tatu, majirani wamejifunika vitenge viwili viwili, nami najipepea kwa mfuniko wa sufuria. Jasho lilinitoka kifuani likapanda usoni. Viungo viliuma. Nililia kwa sababu ya kisamvu kilichoungua. Nilikuwa nimegeuzwa rika la mama mkwe, naye alikuwa amekaa mkekani ananiangalia.

Mwezi ulipita sijaomba chumvi. Ukapita mwingine. Asubuhi moja aliniondolea ndoo mkononi. "Acha. Maji nitachota mimi." Nikajua amehesabu, na hesabu yake imempeleka kusikokuwa. Siku chache baadaye nilikuta udongo wa kula, ule wanaotafuna wajawazito, umewekwa kwenye kibao cha jikoni, upande wangu. Kisha shangazi wa mume wangu akaleta jogoo kutoka Chilangala. Jirani aliyezoea kuniita mke wa fulani, maana sina mtoto wa kuitiwa, alinipungia mkono: "Mama kijacho, umeamkaje?" Nilisema nzuri. Ningesema nini?

Kilichonitisha zaidi ni vitambaa. Mama mkwe alitoa khanga zake kuukuu, zile zilizolainika, akaanza kuzichana vipande vya nepi. Kila alasiri nilisikia khanga zikichanwa uani, na kila nilipozisikia nilishika tumbo langu lililokuwa limelazwa usingizi kwa dawa, nikaogopa.

"Mwambie mama yako," nilimwambia mume wangu. Akasema atamwambia. Kesho yake akaenda Mnyambe kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Sijawahi kuona mikorosho ikihitaji salfa kama mwaka ule.

Nikaona nitalimaliza mwenyewe. Mchana mmoja nilibandika mbaazi, nikasimama mlangoni, sina hata tone la damu, nikasema, "Mama, nisaidie chumvi."

Hakuinuka upesi. Alipofika jikoni alishika kopo kwa mikono miwili, na chumvi ikamwagika sakafuni.

"Imetoka lini?" aliuliza.

Mimi na elimu yangu sikuwa nimeliwaza hilo. Nilidhani nafuta uvumi, kumbe kwa sentensi moja nilikuwa nimemzika mjukuu wake. Alikaa chini palepale penye majivu akaanza kuomboleza kwa Kimakonde, taratibu. Nilikaa karibu yake nikamwambia yote: uvimbe, sindano, na upasuaji uliokuwa unakuja.

Alijifuta uso kwa khanga. "Kwa hiyo mtoto hakuwepo."

"Hakuwepo, Mama."

"Na kisu kipo."

"Kipo."

Mbaazi zililiwa bila chumvi siku ile.

Siku ya kwenda Masasi alipanda nasi basi, furushi mapajani. Nilipozinduka baada ya upasuaji, daktari alivuta kiti akaketi, nami nikajua kabla hajafungua mdomo. Uvimbe ulikuwa umesinyaa, alisema, lakini si vya kutosha, na damu iligoma. Kizazi kimetolewa. Mama mkwe alifungua furushi lake. Ndani mlikuwa na vile vitambaa alivyovichana, na ndivyo alivyonifutia uso.

Nilipopata nguvu za kurudi jikoni, chumvi nilitia mwenyewe kila siku, asubuhi na jioni, kwa ghadhabu. Mboga zangu za wakati ule zilikuwa chungu kwa chumvi, na hakuna aliyethubutu kusema.

Halafu mchana mmoja nikiwa nakoroga kisamvu, mama mkwe aliinuka mkekani bila kuitwa. Akaja, akaniondolea kopo mkononi.

"Leo nipishe."

Damu ilinichemka. "Mama, mimi sina siku tena. Unajua."

"Najua," alisema. Akatia, akaonja kiganjani, akarudi kuketi. Alifanya hivyo kesho yake na keshokutwa, kisha akaniachia kopo langu.

Mwezi uliofuata alikuja tena. Anakuja mpaka leo. Sijamuuliza anahesabuje siku ambazo sina tena. Nikimwona anainuka, naweka mwiko chini, nampisha.