Kikohozi cha Mkwe

Miaka ya tisini nilikuwa na gereji Mlabani, gereji ya jina tu: banda la mabati, mashine ya kuchomelea na ndoo ya maji ya kupozea chuma. Baba mkwe akaniletea gari lake dogo la kizamani. Kutu ilikuwa imelila chini kwa chini. Vile vyuma virefu viwili vinavyobeba bodi, ukivigusa kwa bisibisi vinamwagika kama pumba.

Siku hiyo nilikuwa nimeshakata kimoja. Bodi ilishikiliwa na matofali na jeki, nami nilikuwa natafuta vyuma vya muda vya kuifunga isibonyee.

Mara mama mkwe huyo, kashuka kwenye lori la mpunga kutoka Namawala, hoi kwa uchovu. Kwetu mama mkwe humsogelei, humtazami usoni, humpazii sauti. Nikachutama mbali, nikamwamkia. Akaitikia, akafungua mlango wa gari ili apumzike ndani. Jamani! Nilitakiwa kusema, "Mama, usipande." Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu.

"Pole na kikohozi, mkwe," akasema, akaingia, akafunga mlango.

Bodi ikalia krrr, ikabonyea katikati. Milango yote ikang'ang'ania. Akasukuma, wapi! Na vioo vilikuwa vinashuka nusu tu.

Dawa ilikuwa moja: niingie chini, nipige jeki, bodi inyanyuke. Sasa nilale chali chini ya mama mkwe? Nikatuma mtu akamwite mke wangu shambani. Watu wa mashine ya kukoboa ya jirani wakatoka kutazama sinema. "Fundi, umechukua binti, sasa umemteka na mama!"

Jua likazidi kuwaka, mke wangu bado hajatokea. Akaniita kwa sauti ndogo, "Baba, nataka kujisaidia." Nilisikia. Kwa haya nikajifanya nahangaika na nyundo. Akaniita tena. Kisha akanyamaza. Nilipogeuka, alikuwa kafunika uso kwa khanga, analia.

Adabu gani hiyo ya kumliza mtu mzima? Nikajitosa chini ya gari, nikapiga jeki kama mwendawazimu. Mlango ukaachia. Nikatoka, nikaona kiti kimelowa, na watu wanasogea kumpokea. Nikadaka ile ndoo ya maji, nikammwagia yote mapajani, na kiti kizima.

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Halafu akapaza sauti wote wasikie: "Mkwe gani huyu hana adabu! Kanilowesha chapachapa!"

Kisa hicho alikisimulia kwenye kila harusi ya ukoo mpaka alipofariki, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa tu. Alisema yote, kikohozi, jeki, ndoo. Pale aliponiita mara mbili nikajifanya kiziwi hakuwahi kupasema, hata mara moja, na hapo ndipo ninapoona aibu mpaka leo.