Kilo Mbili za Unga wa Mzazi

Siku ya tatu ya kikao nilikuwa nimechoka kuliko wote, ingawa kazi yangu ilikuwa kuandika tu.

Nchi yetu ilikuwa imejitoa kwenye umoja wa soko ambamo Malawi ilibaki. Sisi wa ufukweni tulilijua hilo pale ofisa forodha alipoanza kudai vibali kwa kila furushi. Malalamiko yalipozidi, akawaita kina mama wanaovuka ziwa wakubaliane naye vitu vya kupita bila kibali. Shangazi akanitoa Mbinga mjini nilikosomea nije kuwaandikia. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nina mwandiko mzuri.

Shangazi mwenyewe alikuwa na jambo moja. Binti yake aliolewa ng'ambo na alikaribia kujifungua. Kwetu mama ndiye hupeleka unga wa ulezi wa uji wa mzazi, debe zima, umtoshe mpaka apate nguvu za kurudi shambani.

"Unga ni bidhaa, mama," alisema ofisa, kijana mpole aliyeletwa kutoka pwani.

"Bidhaa inauzwa. Huu namuuzia nani, mjukuu ambaye hajazaliwa?"

Kina mama wakacheka. Ofisa naye akacheka, lakini hakubadili neno.

"Na ukipikwa je, baba?" akauliza muuza vyungu.

"Ukipikwa ni chakula cha safari. Hicho sikizuii."

"Basi na wangu ni chakula cha safari," shangazi akadakia.

"Safari ya siku ngapi, mama?"

"Mpaka mtoto asimame dede."

Tuliendelea hivyo. Vyungu vilipita, usipa, wale dagaa wa ziwani, wakapita kwa masharti, tukarudi kwenye unga, tukauacha, tukaurudia. Bati lilichemka juu yetu. Nilitazama ziwa kupitia dirishani, jeupe kwa jua, halina alama yoyote ya kuonyesha wapi tunaishia sisi na wapi wanaanzia wao, nikatamani tu kwenda kulala. Ndipo nikasema, bila kuulizwa, "Tuandike kilo mbili kwa kila msafiri, yaishe."

Ofisa akaitikia upesi. Kina mama, wenye njaa na watoto nyumbani, wakaitikia pia. Shangazi aliweka dole gumba pale nilipomwonyesha.

Siku ya boti, mizani ilikuwa mezani. Kila mwenzake alikuwa na kilo zake mbili tayari, hakuna wa kumbebea zaidi. Shangazi akachota unga kwa bakuli, akapunguza, akapunguza tena, mpaka ofisa alipotikisa kichwa kukubali.

"Shangazi, nisamehe," nikasema.

"Uliandika vizuri, mwanangu. Hata mimi nisiyesoma nimeelewa."

Akakikwapua kifuko chake, akapanda. Boti ilipoondoka nilibaki na debe la unga miguuni. Nilitafuta mtu wa kunitwisha, lakini wanawake wote waliokuwa pale walikuwa wameondoka nayo.