Kompyuta Iliyokimbizwa Mbotela

Enzi zetu pale mtaani Mbotela, kompyuta ya kaka yangu Wafula ilisikika kabla ya kuonekana. Ukitoka shule, ukipinda kona ya bomba la maji, mvumo wake ulikupokea: feni tatu zikivuta hewa kwa pamoja, zikipanda, zikishuka, kisha kimya kifupi kama cha mtu aliyesahau kupumua. Wageni waliuliza ni nani mgonjwa ndani.

Tulikuwa watoto wa kuruka blada na kukwepa mpira wa kati, wa yale mandazi makavu tuliyoyaita ngumu, ambayo bila chai hayakukubali jino. Tulijua kungoja. Watoto wa leo simu ikikawia kidogo kufungua picha wanaitikisa kama kiberiti kilicholowa.

Wafula hakujua kungoja, na labda ndiye aliyewatangulia. Alihariri video za harusi kwenye kompyuta aliyoiunda mwenyewe kwa vipuri vya mitumba, ubavu wake ukiwa wazi ili ipoe. Video moja ilikula mchana na usiku kabla ya kuiva. Sasa prosesa, ile sehemu ndogo inayofanya hesabu zote, hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mwendo wake. Wafula aliingia kwenye skrini ya buluu ya mipangilio ya mashine, ambayo sisi wengine tuliiogopa, akapandisha mwendo ule kidogo kidogo, akaongeza na umeme wa kuilisha. Wajuzi waliita kazi hiyo ovakloki. Yeye alisema anaikimbiza.

“Buda, hiyo kitu itakulipukia kwa uso,” alisema rafiki yake Oti, akichungulia kutoka nyuma ya kochi.

“Wewe hata pasi unaogopa. Nyamaza.”

Haikulipuka. Harusi iliyochukua siku nzima sasa iliiva kati ya chakula cha mchana na chai ya jioni. Wateja wakaja hata kutoka Njiru. Julai, baridi ikiuma, tulianika soksi za shule nyuma yake na kuzivaa zikiwa na joto la mkate.

Hatari yake ilikuwa ya kimya zaidi. Mashine ikizidiwa na joto hujizima ili ijiokoe, lakini Wafula alikuwa ameuondoa ulinzi huo, maana ulimkatizia kazi. Na mashine isiyoruhusiwa kuzimika huendelea tu. Hukosea hesabu kidogo, ikajenga juu ya kosa lile, na haimwambii mtu.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa fundi katika karakana ya reli na mwimbaji wa besi kanisani, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye kanda ya harusi ya jirani, kwaya ikiimba, yeye safu ya nyuma. Wafula aliihamishia kwenye kompyuta, na deki yetu kuukuu ikaitafuna kanda yenyewe siku hiyohiyo. Kwa hiyo Baba alikuwa mle ndani, na hakuwa kwingine. Jumamosi ilikuwa ibada ya ukumbusho wake, na Mama alikuwa amewaahidi jamaa wa Bungoma kwamba watamsikia.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Wafula aliiacha mashine ikiitayarisha video kwa mwendo wake wa juu kabisa, akaenda na Oti kuazima spika za kanisa. Mama akaanza kupanga sebule. Nyumba zetu mnazikumbuka: kila kitu kilivaa kitambaa cha kushona kwa mkono, redio, kochi, hata thamosi. Kompyuta peke yake ndiyo Wafula alikataza. Lakini siku ile Mama alichukua kitambaa kikubwa cheupe, alichokishona kwa ajili ya ukumbusho, akaifunika yote mpaka chini.

“Hawezi kukaa uchi, na wageni wanakuja,” alisema.

Sikuona ubaya. Nilikuwa nikimenya viazi. Baada ya muda mvumo ukabadilika, ukashuka, ukawa wa kifuani. Mama alisimama na ufagio mkononi.

“Nekesa. Unamsikia?”

Niliacha kumenya. Nilikuwa ninamsikia.

Wafula aliporudi alinusa plastiki ya moto tangu kibarazani. Akakivuta kitambaa.

“Mama! Umeifunika?”

“Nimemfunika.”

Video ilikuwa tayari. Akaiwasha. Mwanzoni kila kitu kilikuwa sawa: kwaya, makofi, Baba safu ya nyuma akifungua kinywa. Kisha kamera ikageukia bibi harusi, na uso wa Baba haukuondoka. Ulibaki pale pale, ukining'inia, bibi harusi akipita ndani yake, shela ikitembea juu ya mashavu yake. Wakaja wageni, kila mmoja na macho ya Baba. Akaja mtoto mwenye maua, na macho ya Baba. Sauti ilikuwa noti moja ya besi isiyokwisha, ndefu kuliko pumzi ya mtu yeyote.

“Zima hiyo kitu,” Oti alinong'ona.

Wafula alifungua faili ya kwanza, ile aliyoitoa kwenye kanda. Nayo ilikuwa imeharibika vilevile, maana iliandikwa upya na mashine ileile yenye homa.

“Ni hesabu tu, Mama,” alisema. “Imeshindwa kujua sehemu gani ya picha ibadilike. Nikiipoza, nikiirudisha mwendo wake, naweza kujaribu kumtoa. Nipe mpaka kesho.”

Mama hakuondoa macho kwenye skrini. “Baba yenu alifanya ovataimu mpaka akaanguka karakanani. Kila siku wakubwa wake wakimwambia, ongeza kidogo, Baba Wafula, wewe unaweza. Na nyinyi pia?”

“Lakini tumewaahidi watu—”

“Tutaimba wenyewe.”

Siku hizi sauti za wafu wetu zimejaa kwenye simu, tunawaita hata tukiwa kwenye foleni ya benki. Vijana hunicheka nikisema kwamba pengine tunawasumbua. Simu yangu ina kasi ambayo Wafula hakuiota, haivumi, haipashi soksi joto, na sijui ni wakati gani inapokosea. Enzi zile mashine ikitaabika, mtaa mzima ulisikia.

Mama aliinuka, akachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi. Feni zikapunguza mwendo, moja baada ya nyingine, na ile besi ndiyo iliyokuwa ya mwisho kunyamaza. Kisha akafungua mlango wa mbele, akasogea kando kama anayempisha mtu mwenye mabega mapana. Wafula, bila kuambiwa, alivuta miguu yake njiani.

“Nenda upumzike, Baba Wafula,” Mama alisema.

Akangoja kidogo, kama unavyomngojea mtu wa buti nzito ashuke ngazi. Halafu akafunga mlango.