Ukili Uliochechemea

Kosa nalitanguliza, mwanangu, nisije nikakuzungusha. Nakumbuka Jumatano moja nilikata ukili wa mama, pima tatu nzima, nikaufanya mkia wa tiara.

Nakuita mwanangu nawe una siku arobaini na moja tu, na mimi mjomba wako sijatimiza miaka kumi na saba. Ndevu zangu nilizihesabu juzi kwenye kioo: ni nne, na moja sina hakika nayo. Lakini mjomba ni mama, ila hana maziwa, kwa hiyo kukupa nasaha ni haki yangu. Tena leo huwezi kunijibu, na hiyo ni neema. Nakuandikia nyuma ya daftari langu la hesabu, nawe umelala hapa mbele yangu juu ya mkeka wenyewe, ukiupigia mateke bila kujua umetoka wapi.

Ulikuwa mkeka wa harusi ya mama yako, aliyerudi nao kwetu kujifungua. Kwetu Msambweni bi arusi hupelekwa kwa mumewe na mkeka aliosukiwa na mamake kwa mkono wake mwenyewe. Ukili husukwa mwembamba na mrefu, kama utepe, kisha hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka. Wa kununua upo, lakini mawifi wataugeuza na kuuliza, "Nani kausuka?" Na dada yangu alikuwa anakwenda Mkwiro, ng'ambo ya maji, kwa watu ambao hata salamu zao hajazizoea. Kitu cha mama cha kulalia huko kilikuwa ni hicho tu.

Basi tiara ikapanda na mkia wake mwekundu, wenzangu wakashangilia, uzi ukakatika, ikaenda zake baharini. Nami nikacheka. Kukata kunaniuma, lakini kule kucheka kunaniuma zaidi.

Mama hakunipiga. Alichukua ukili uliobaki akaupima kwa mikono yake, kisha akaupima tena, kana kwamba mikono ndiyo iliyokosea. Kiwiko chake kilikuwa kimevimba kwa kusuka, na harusi ilikuwa imebakisha majuma matano. Akaukunja, akaenda kubandika chungu. Nikamfanyia mzaha, hakucheka. Kesho yake nikamfanyia mwingine, ule wa mwalimu na bakora yake ambao haujapata kunitupa. Hakucheka. Na nyumbani kwetu mama asipocheka, hata paka huomba chakula kwa adabu.

Bibi, mamake mama, ndiye aliyeniita.

"Mume wangu, njoo ukae." Ndivyo bibi zetu wanavyotuita, usishangae, wewe nawe utamwoa. "Wewe unajua jambo moja tu, kuchekesha. Ulilijua una miaka saba, na leo ni lile lile. Mazoea yana taabu. Tangu leo, kila Ijumaa kabla hujavaa kanzu ya kwenda msikitini, utakuja hapa uniambie jambo moja uliloliweza wiki hii ambalo wiki iliyopita hukuliweza. Dogo tu."

"Na nikikosa, bibi?"

"Ukikosa nitajua nimeolewa na kasuku."

Ijumaa ya kwanza nikaja nimejaa maneno. "Bibi, nimeweza kulala ubavu wa kushoto."

"Vyema," akasema. "Sasa amka."

Akarudi kwenye uradi wake. Nilisimama pale na mzaha wangu mkononi kama mtu aliyebeba samaki wa juzi. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha ule ulikuwa wangu. Zilibaki Ijumaa nne.

Sasa, mama alikuwa hana miyaa, yale majani ya mkindu ya kusukia, tena, na mwenye miyaa mizuri iliyokauka alikuwa Mzee Bakari, anayechechemea. Nakuungamia, mwanangu: kwa miaka miwili nilikuwa nikimfuata nyuma njiani, nikichechemea kama yeye, wenzangu wakijikunja kwa kicheko. Wiki ile jambo langu likawa ni kubisha hodi kwake. Nilipita mlangoni pake mara tatu. Mara ya nne akanena kutoka ndani, "Ingia, kabla hujamaliza viatu."

Nikaingia, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule anayechechemea nyuma yangu."

Nikautazama mtungi wake wa maji.

"Hebu chechemea nione."

Nikataka kukimbia, lakini mlango alikuwa ameuziba yeye. Nikachechemea, kutoka mtungini hadi kitandani, jasho likinitoka. Akanitazama kwa makini kama fundi anayekagua kazi.

"Ni mguu wa kushoto," akasema. "Miaka miwili unakosea. Ukinidhihaki, mwanangu, nidhihaki sawasawa."

Kisha akacheka yeye, mimi nikalia, tukanywa kahawa chungu. Akanipa mzigo wa miyaa, akakataa malipo. Alichotaka ni salamu kila nipitapo, nami ninazitoa hadi leo, kwa mbele, si kwa nyuma.

Ijumaa ile nilipomsimulia, bibi hakusema kasuku. Alisema, "Na wiki hii?"

Wiki ya tatu nilikaa chini kusuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka mgongo ukaniuliza kosa lake. Kusuka ukili ni kazi ya wanawake, na vidole vyangu vilikuwa vimezoea gololi na mawe ya manati. Mama alichemsha rangi, akatia miyaa ikaiva nyekundu, akaniachia fungu, akaenda zake. Bibi akanishika vidole: huu juu, huu chini, vuta, usivute sana. Kufika jioni nilikuwa na kipande cha shubiri moja kilichokwenda upande kama kaa. Nikakifumua. Kesho yake kikaja kingine, kilichokwenda upande mwingine.

Wiki ya nne bibi akaniambia nikasukie barazani, njiani, mchana kweupe. Wenzangu walipotoka shule wakanikuta, na Rashidi, rafiki yangu mwenyewe, ndiye aliyeanza.

"Juma, nawe unaolewa lini?"

"Nikimaliza kamba ya kukufunga mdomo."

Wakacheka, nami nikacheka, lakini masikio yalikuwa yamewaka moto. Nikaendelea kusuka. Mzee Bakari akapita, akasimama, akauinua ukili wangu kwa fimbo yake. "Huu nao unachechemea," akasema. "Lakini unakwenda." Rashidi alikaa mwisho wa baraza, akaanza kunipasulia miyaa.

Nilitimiza pima moja na nusu. Zilizosalia mama alizimaliza mwenyewe kwa kiwiko chake kile. Aliupokea ukili wangu, akaukunja, akaingia nao ndani. Hakusema atautia mkekani au atautia jikoni. Kamba hukatikia pabovu, nami nilijua pabovu pako wapi.

Sasa nasaha, kabla hujaamka ukanikatiza. Kila wiki, mwanangu, chagua jambo moja unalolionea haya au uvivu, ulifanye. Liwe dogo, kubwa hukupa sababu ya kungoja kesho. Litakwenda upande, watu watacheka, nawe cheka nao, lakini mkono usisimame. Mimi sijawa malaika, na mwalimu wetu wa hesabu bado namwigiza vizuri kuliko anavyojiigiza mwenyewe. Ila Ijumaa zangu hazijakatika. Juzi nimejifunza kukuogesha, na ukanilipa kwa kunikojolea. Mungu akupe umri, akupe haya kidogo na ujasiri kuipita haya hiyo, na asikunyime bibi wa kukuuliza, "Na wiki hii?"

Imebaki Ijumaa ya tano, iliyokuwa ngumu kuliko zote. Jambo langu lilikuwa kusema neno moja bila kulitilia mzaha. Nilimkuta mama ameketi uani na shazia, sindano ya kushonea mikeka, mkononi, anakata uzi wa mwisho. Nikasema, "Mama, nisamehe." Mzaha ukanijia hadi kwenye meno. Nikaumeza.

Mama akaukunjua mkeka wote mbele yangu. Nikatafuta ukili wangu pembeni, sikuuona. Akanishika mkono, akauweka katikati, pale penye mistari iliyochechemea, na haya ndiyo aliyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Nilikusamehe siku ile uliyoingia kwa Mzee Bakari. Wako nimeuweka hapa, anapolala mtu. Pembeni ungefumuka, katikati unashikwa na wenzake huku na huku. Mungu akukuze, baba, nawe akupe wa kukushika huku na huku. Sasa bibi yako ananiuliza na mimi Ijumaa yangu iko wapi. Umri wangu wote sijapata kushika uzi wa tiara. Nitengenezee moja, mkia wake uwe wa kitambaa, unifundishe."